Risasi ndogo, bei kubwa: niliyojifunza nyuma ya kaunta ya bunduki

Duka nililofanyia kazi Iowa lilikuwa na ukuta mmoja mrefu wa bunduki, na sehemu yake iliyozua ubishi kila wiki ilikuwa ile ya .22, yaani bunduki na bastola za risasi nyembamba ya kipenyo cha inchi 0.22 hivi. Mtu anayetafuta bunduki ya kuwindia kulungu anajua atatoa pesa. Anayetaka bastola ya milimita 9 ameshazunguka maduka mengine na bei zote anazo kwenye simu. Wa .22 anaingia na bei yake kichwani, dola 150 au 200, bei aliyoisikia kwa babu yake au aliyoitunga mwenyewe, na akiona kibandiko cha dola 800 anakutazama kama umemchomoa pochi.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kabla ya kuhamia Marekani, bunduki nilizowahi kuziona kwa karibu ni gobore la mzee mmoja kijijini kwa mama na zile za walinzi wa benki. Nilipopata ukaazi wa kudumu, mwenye duka alinichukua kwa sababu alihitaji mtu wa kuhesabu mali na kukagua fomu bila haraka. Mama yangu hadi leo anawaambia majirani kwamba mwanawe aliuza vifaa vya michezo, na ukisoma kibao cha nje ya duka lile hajasema uongo. Mengine yote niliyapata humo humo, mengi kwa fundi bunduki wa chumba cha nyuma, mzee wa maneno machache ambaye kila akifungua kitu chenye somo aliniita nije nione.

Kwa asiyeijua, .22 ninayoizungumzia ni ile iitwayo Long Rifle, iliyotoka Marekani mwaka 1887 na inayouzwa mpaka leo bila kubadilika sana. Risasi nzima ina urefu wa milimita 25 hivi, kichwa chake kina gramu 2.6. Inatumika kuwinda kindi na sungura, kufundishia watoto kulenga, na kwenye mashindano, kuanzia ya shule za vijijini mpaka Olimpiki. Haipigi kelele nyingi wala haitikisi bega. Risasi ya kawaida ilikuwa ikiuzwa senti 7 mpaka 10 nilipokuwa kaunta, wakati ya milimita 9 ilikuwa mara mbili au tatu ya hapo.

Bei ya kichwani ya mteja inaanzia hapo. Anashika boksi la risasi 50 linaloenea kiganjani, analipa pesa ya soda mbili tatu, kisha anatarajia bunduki ifuate mkondo huo huo. Kuna na historia pia. Kwa vizazi vingi .22 iliuzwa Marekani kama bunduki ya kwanza ya mvulana, ikitundikwa kwenye maduka ya misumari na rangi, ikiagizwa kwa katalogi na kuletwa na posta. Kitu cha mtoto hakitarajiwi kumfilisi baba yake.

Halafu kuna dola 37 na senti 50. Hiyo ndiyo bei ambayo kampuni ya Ruger ilianza nayo mwaka 1949, ilipotoa bastola yake ya kwanza ya .22 kutoka karakana ya Southport, Connecticut. Wazee wa Iowa wanaikumbuka bei hiyo kama sisi tunavyokumbuka nauli ya zamani ya basi. Mmoja alinitajia kwa uchungu kabisa, kwamba baba yake alilipa 37 na nusu, sasa ninyi mnataka karibu 500 kwa kitu kile kile. Nikachukua kalamu. Dola ya 1949, ukiipandisha kwa mfumuko wa bei mpaka 2023, inakaribia dola 13. Zidisha. Unapata kama 480. Bastola ya Ruger ya ukoo huo huo, ya toleo la bei ya chini, ilikuwa pale kabatini kwa bei hiyo hiyo, pungufu au zaidi kidogo. Hakufurahi, lakini alinyamaza.

Na hata ile 37 na nusu ilikuwa kazi ya akili. Washindani wa wakati ule, kama Colt na bastola yao ya Woodsman, walichonga kiwiliwili cha bastola kutoka kwenye bonge la chuma, saa nyingi za mashine na mikono. William Ruger alikandamiza mabati mawili mazito ya chuma yakachukua umbo la nusu na nusu, akayaunganisha kwa kuyachomelea. Kazi ya saa ikawa ya dakika, na mlengaji haioni tofauti kwenye karatasi ya shabaha. Wengi wanaosema ".22 zilikuwa rahisi zamani" wanakumbuka mtu mmoja aliyegundua mahali pa kupunguza kazi bila kupunguza ubora. Woodsman yenyewe ilikoma 1977.

Aliyenifanya nifikirie jambo hili mpaka mwisho hakuwa Mmarekani. Alikuwa mzee kutoka Uvira, Kongo, aliyekuwa na shamba dogo nje ya mji, lengalenga (mchicha) na maharage, na sungura wa Iowa walikuwa wamemgeuza mfadhili wao. Alikuja na mwanawe wa kumtafsiria. Niliposema "Shikamoo mzee", yule kijana akaambiwa akae pembeni, hatakiwi tena.

"Ndugu yangu," akaniambia baada ya kuzunguka kaunta yote, "hii kidogo, mbona bei yake inapita ile mukubwa?"

Alikuwa akionyesha rivolva ya Smith & Wesson ya .22, yenye silinda ya risasi 10, iliyopita dola 800. Kando yake palikuwa na bastola ya plastiki ya milimita 9, mpya, chini ya 400. Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Nikamwomba anifuate chumba cha nyuma kwa fundi, nikatafsiri.

Fundi hakujibu kwa maneno. Alitoa rivolva mbili za umbo moja, moja ya .38 na moja ya .22, zote za fremu ileile ambayo kampuni hiyo iliianza mwaka 1899 kwa ajili ya .38. Akazitoa silinda, akaziweka juu ya taulo. Ya .38 ina matundu sita. Ya .22 ina kumi. Fremu ni ileile, mikono na mashine zilizoikereza ni zilezile, kinyundo, springi na kifyatulio vinatoka kwenye rafu moja. Kwa vipimo sawa vya nje, ya .22 ndiyo inayobaki na chuma kingi, kwa sababu matundu yaliyotobolewa ni membamba. Na kila tundu, yote kumi, lazima lisimame sawasawa na mdomo wa mtutu pale silinda inapozunguka na kufunga. Likienda pembeni unywele mmoja, kichwa cha risasi kinaingia mtutuni kimekwanguliwa ubavu. Ya .38 ina nafasi sita za kukosea. Hii ina kumi.

Yule mzee alizitazama kwa muda mrefu, akaingiza ncha ya kidole kidogo kwenye tundu la .22 na kisiingie. "Kumbe wanalipisha kazi," akasema.

Sisi wa pwani tunalo hilo jambo nyumbani. Kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono inaweza kushinda kanzu nzima kwa bei, na hakuna anayemuuliza mshonaji kitambaa kilikuwa kiasi gani. Ila dukani mteja anaiona .22 akafikiri chuma. Chuma cha bunduki, hata kiwe kizuri, ni sehemu ndogo ya bei. Kutoboa mtutu mwembamba wa tundu la milimita 5 na kitu, kwa urefu wa nusu mita au zaidi, tundu lisipinde, si rahisi kuliko kutoboa mpana. Kekee nyembamba hupenda kutangatanga, na vumbi la chuma halina pa kutokea isipokuwa usukume mafuta kwa nguvu ndani yake. Baada ya hapo kuna kulinyoosha na kulisawazisha tundu, kuchora ile michirizi ya mzunguko inayoipa risasi kani ya kuzunguka, kwa .22 mzunguko mmoja kila inchi 16, halafu kwenye mitutu mizuri mtu anakaa na kusugua ndani kwa kipande cha madini laini ya risasi na unga wa kusagia mpaka mkono wake usisikie tena pahali panapobana. Kodi nayo haiangalii ukubwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1937 inamtoza mtengenezaji asilimia 11 kwa bunduki ndefu na risasi, na kwa bastola ni 10, pesa zinazokwenda kwenye uhifadhi wa wanyamapori katika majimbo. Namba ya usajili, fomu ya serikali, ukaguzi wa rekodi za mnunuzi, vyote ni vilevile iwe bunduki ya kindi au ya dubu.

Lakini kuna jambo linaloifanya .22 iwe ngumu kuliko wenzake, na hilo fundi alinionyesha siku nyingine akiwa amekasirika na bastola fulani ya bei nafuu. Risasi za kawaida zina fataki yake katikati ya kitako, kama kitufe, na pini inaigonga hapo. Ya .22 haina kitufe. Fataki humwagwa ndani ya ganda ikiwa mbichi, ganda linazungushwa kwa kasi, ile dawa inakimbilia ndani ya mkunjo wa ukingo. Pini hugonga ukingo, ukingo unabonyea, dawa inawaka. Ni ganda jembamba sana, na ndiyo maana halijazwi tena likishatumika. Unene wa ukingo huo ni milimita 1.1 hivi, na nafasi unamokaa ndani ya bunduki lazima ilingane nao. Nafasi ikizidi, pini inasukuma risasi badala ya kuibonyeza, na fataki inakataa. Ikipungua, bolti, kile kipande kinachofunga nyuma ya risasi, haifungi, au mbaya zaidi, risasi inalipuka kabla bolti haijafunga sawasawa. Fundi alikuwa na geji mbili, za kupima nafasi hiyo, na alizitunza kwenye kisanduku cha pete ya mkewe.

Kwa bastola na bunduki zinazojipakia zenyewe kuna tabu ya ziada. Risasi kubwa ina nguvu ya kutosha kurudisha mtambo nyuma hata ukiwa na mafuta mabichi, mchanga au springi iliyopitiliza. Ya .22 ina nguvu kiduchu, na kwa nguvu hiyo hiyo kiduchu mtambo lazima urudi, utupe ganda, ubane springi, uchukue risasi nyingine na kuipeleka mtutuni. Kichwa chake kimepakwa nta au mafuta, kwa hiyo kila mlipuko unaacha uchafu. Magazini nayo inapakia maganda yenye ukingo uliotokeza, na ukingo wa risasi ya juu ukikaa nyuma ya ukingo wa risasi ya chini, risasi zinanasa. Ukitaka mashine itembee katika hali hizo bila kukwama, huwezi kuficha kasoro kwa kuongeza nguvu, maana nguvu hakuna. Kila sehemu inayosuguana lazima iwe laini. Ruger walipotoa bunduki yao ya 10/22 mwaka 1964, sifa yake kubwa ilikuwa magazini ya kuzunguka, ambayo inakaa ndani ya tumbo la bunduki na kuitenga kila risasi mahali pake. Ndiyo niliyokuwa nikimwuzia mtu asiyejua anachotaka. Dola 300 na ushee, mwili wa alumini, mtutu umeshikwa kwa kabari na skrubu mbili. Si chombo cha mashindano na haijawahi kudai hivyo, ila inafanya kazi, na hicho ndicho mteja anachokusudia anaposema "ya kawaida".

Sina dharau na za bei ya chini. Zipo rivolva za .22 za kigezo cha kikauboi zinazouzwa kwa chini ya dola 200, fremu ya zinki iliyosubiwa kwenye kalibu, na mtu wa kufyatua mara chache nyuma ya nyumba yake hatajuta. Mwaka 2019 Ruger waliingia soko hilo na Wrangler, fremu ya alumini, rangi badala ya chuma kilichong'arishwa. Wamepunguza mapambo, siyo mtutu, na nadhani ndiyo njia ya heshima. Ninachokataa ni bastola ya dola 250 inayovaa umbo la bastola ya polisi huku slaidi yake, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma, ni ya zinki na springi zake zinaamua zenyewe risasi zipi zitafaa. Mteja anarudi nayo, analalamikia risasi. Unambadilishia risasi. Anarudi tena.

Na kupunguza huko kunakofanywa hakuonekani dirishani. Kifyatulio kilichokerezwa na kilichosubiwa vinafanana ukivitazama. Tofauti inasikika kwenye kidole. Mdomo wa mtutu uliomalizwa ovyo unang'aa kama mwingine. Mti wa wolnati mteja anauona, kwa hiyo wajanja wanatia mti mzuri juu ya chuma cha haraka. Nimewahi kumwona kijana akisifia kitako cha bunduki ya dola 400 huku kando yake ipo CZ ya Kicheki, kutoka Uherský Brod, kitako cha mti usio na maringo, mtutu uliofuliwa kwa nyundo chuma kikiwa baridi na unaolenga vizuri kuliko anavyojua kulenga yeye. Tofauti ya bei ilikuwa kama dola 150. Alichukua yenye kitako kizuri. Hela ni zake.

Juu kabisa ya ukuta hatukuwa na kitu; za mashindano zinaagizwa. Niliziona kwenye uwanja wa shabaha, mikononi mwa wasichana wa chuo, Anschütz za Ulm, Ujerumani, bei inayokimbilia dola 3,000 na kupita. Kampuni hiyo ilianza 1856, na ukitazama mashindano ya baiathloni utaona wengi wa wanaoteleza kwenye theluji wamezibeba mgongoni. Kwenye mchezo wa mita 50 duara la kumi lina kipenyo cha milimita 10.4, na kwa kuwa kichwa cha .22 kinakwenda polepole, kiasi cha mita 320 kwa sekunde, kikichelewa mtutuni, kila mtikisiko wa mlengaji unapata muda wa kukipotosha. Kwa hiyo pini inatakiwa igonge haraka sana baada ya kidole kuamua, na kifyatulio kinaweza kurekebishwa kwa gramu. Wasichana wale hawabishani bei. Wanachobishania ni risasi. Wanapima fungu kwa fungu, yaani risasi zilizotoka pamoja kiwandani, mengine wanayapima kwenye vituo vya watengenezaji wa risasi, Eley au Lapua, wakipeleka bunduki yenyewe, bunduki ikafungwa mezani, na fungu litakaloipenda wananunua maelfu. Bunduki mbili za kiwanda kimoja, za wiki moja, zinaweza kupenda mafungu tofauti.

Nafikiri kilio cha bei kina gharama ambayo wanunuzi hawaijui. Winchester waliacha kuitengeneza Model 52 mwaka 1980, bunduki ya .22 iliyoanza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia na iliyosifiwa na kila mlengaji niliyewahi kumsikia. Ilihitaji kazi nyingi, na walioitaka kwa bei ya kazi hiyo walikuwa wachache. Leo hao hao wanaosema .22 haifai kuzidi dola 300 wanaitafuta Model 52 kwenye minada na kulipa mara kadhaa ya hapo kwa iliyotumika.

Yule mzee wa Uvira hakununua rivolva. Hakuna sababu ya kumpiga sungura kwa rivolva kama una mikono miwili na uzio wa kuegemea. Tulimtafutia bunduki ya bolti iliyotumika, ya Kicheki, dola 280, na kwa kuwa mtutu wa .22 hauchoki upesi, risasi yake ikiwa laini na msukumo wake mdogo, haikunipa shida kumwambia kwamba miaka ya mmiliki wa kwanza haikuiondolea kitu. Lakini kabla hajalipa nilimwonyesha anachopaswa kuangalia, na ndicho ninachowaambia ndugu zangu wanaonipigia simu kutoka Texas na Kentucky wakiwa mbele ya meza ya muuzaji.

Toa bolti. Chungulia kitako cha mtutu, pale ukingo wa risasi unapokaa. Kwenye .22 nyingi za zamani, mtu akifyatua bila risasi ndani, pini inagonga chuma cha mtutu chenyewe na kuacha kidonda. Kidonda kikubwa kinaingiza kijino ndani ya chemba, tundu linamokaa risasi, na maganda yatakuwa yakinasa. Geuza upande wa pili, tazama mdomo wa mtutu kwa taa. Waliosafisha kwa fimbo ya chuma kupitia mbele wameulamba upande mmoja, na hakuna risasi itakayotoka hapo ikaenda unakotaka. Halafu pitisha kitambaa safi mtutuni. Kikitoka na rangi ya kahawia badala ya kijivu, ni kutu, na bei unayotajiwa ipunguze au iache bunduki mezani.